Sweta lililofumwa kwa mkono limetoka pana na mkono mmoja mfupi: lifumuliwe au lirekebishwe?

Mkazi wa Buhongwa

Habari zenu wadau. Kijana wangu amepangiwa kidato cha tano katika shule iliyoko Njombe, na fomu ya maelekezo ya kujiunga inataka sweta la bluu iliyokoza lenye shingo ya V. Mama mmoja jirani yetu, ambaye amewafumia masweta watoto wengi wa mtaa huu, alikubali kulifuma kwa mkono na alilifanya kwa moyo wote. Kifua cha kijana ni sentimita 92, nasi tulikubaliana sweta liwe na 100 ili lipite vizuri juu ya shati. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza nimelipima kwa futi ya fundi cherehani nikapata 112. Pindo linafika mapajani. Mkono wa kulia una sentimita 64 na wa kushoto 58, na ukiutazama juani, huo wa kushoto umekoza rangi kidogo kuliko sehemu nyingine.

Ninaomba kujua kilichosababisha hali hii, na pia kama ni busara kulifumua lote, kulirekebisha, au kununua jingine. Kuripoti ni mwanzoni mwa Julai. Tafadhali tusimlaumu mama wa watu, kwa kuwa nataka nikirudi kwake niwe na maelezo yanayoeleweka wala nisipeleke lawama.

Fundi wa Nyakato

Hilo lilianikwa kwenye kamba likiwa linachuruzika maji. Sweta lililofumwa hubeba maji mengi, na uzito wake wote huning'inia mabegani hadi likauke. Nimeletewa mengi ya namna hiyo.

Bi Kisesa

Fundi wa Nyakato, ninaheshimu uzoefu wako, lakini sweta lililovutwa na uzito wa maji huwa refu na kwa kawaida hupungua upana, kwa sababu vitanzi vikivutwa kwenda chini hubana pande zake. La ndugu yetu limeongezeka upana na urefu kwa pamoja. Kamba peke yake haitoshi kueleza jambo hilo.

Ndugu Mkazi, kabla hatujaendelea, lilaze sweta mezani bila kulivuta, weka rula kifuani na uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Kisha muulize mama alianza na vitanzi vingapi. Ukipata pia ile karatasi inayofungwa kwenye bonge la uzi, itatusaidia kuliko maneno yetu yote hapa.

Kijana wa Igoma

Mbona ni rahisi? Litieni kwenye maji ya moto lirudi. Sweta langu la mtumba nililonunua soko la Mlango Mmoja lilichemshwa siku moja likawa la mdogo wangu.

Bi Kisesa

Mdogo wangu, hilo lako lilikuwa la sufu halisi. Unywele wa sufu una magamba madogo sana, na ukipata maji ya moto, sabuni na kusuguliwa, magamba hayo hushikana na kitambaa kikawa kizito na kigumu. Kikishashikana hakiachani tena, wala huwezi kukiagiza kisimame kwenye sentimita 100. Uzi wa akriliki, yaani ule wa kutengenezwa kiwandani unaofanana na sufu, hauna magamba, kwa hiyo haurudi kwa njia hiyo. Tusimpe mwenzetu dawa kabla ya kujua uzi wenyewe ni wa nini.

Mkazi wa Buhongwa

Nashukuru kwa majibu. Nimehesabu: kifuani kuna vitanzi 18 katika sentimita 10. Mama ana daftari lake la hesabu, na ameandika kwamba mbele alianza na vitanzi 100 na nyuma 100. Mikono yote miwili ina mistari 140 kila mmoja. Karatasi ya uzi haikupatikana kwa sababu ulinunuliwa Makoroboi ukiwa mabonge matupu.

Kuhusu kufua, binti anayetusaidia nyumbani ndiye aliyelifua. Hakulianika kwenye kamba, alilitandaza juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yetu, kama tunavyofanya wengi wa Mwanza tunaoishi katikati ya mawe. Lilipobaki na unyevunyevu aliliwekea kitambaa chenye maji juu akalipiga pasi ya mkaa.

Mama Pacha wa Nyegezi

Pasi! Hapo ndipo penye jibu. Akriliki ikikutana na mvuke wa moto hulegea moja kwa moja. Vitanzi hupoteza ule uwezo wa kujivuta na kurudi, na nguo hutanuka pande zote mbili, jambo ambalo Bi Kisesa alikuwa akilitafutia sababu. Jaribuni kulivuta pindo kisha mliachie. Pindo lenye uhai hurudi mara moja, lakini lililopigwa pasi hubaki limetepeta pale lilipoachwa. Binti naye asigombezwe, kwani nguo nyingine zote za shule hupigwa pasi.

Fundi wa Nyakato

Nakubali kuhusu kamba. Lakini hilo jiwe nalo msilisahau, maana saa nane mchana mawe ya kwetu huwezi kuyakanyaga bila viatu.

Bi Kisesa

Jiwe lilisaidia kwa upande mmoja, kwa maana sweta lilikauka likiwa limelala, na ndivyo inavyotakiwa, ingawa kivuli kingekuwa bora kwa ajili ya rangi.

Sasa tazameni hesabu. Vitanzi 200 kwa kiwango cha 20 katika sentimita 10 vinatoa sentimita 100 kamili, kwa hiyo mama alipanga sawasawa kabisa. Kwa kiwango cha 18 vitanzi hivyo hivyo vinatoa 111, na ndugu yetu amepata 112. Tofauti ya vitanzi viwili, ambayo hata kwa macho huioni, imezaa sentimita zaidi ya kumi na moja kuzunguka mwili. Kwa hiyo swali limebaki moja: je, lilifumwa likiwa 18 au lilifumwa likiwa 20 likalegea baadaye?

Mzee wa Pasiansi

Watoto wangu, hamjambo. Marehemu mke wangu alifuma kwa miaka mingi, nami nilikuwa mtu wa kumtafutia vifaa, kwa hiyo niruhusuni niseme jambo kuhusu sindano. Muulizeni huyo mama sindano zake zimeandikwa namba gani. Namba za zamani za Uingereza na namba za Marekani hazilingani, na mbaya zaidi zinaenda kinyume. Kwa Waingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, na kwa Wamarekani namba ikipanda sindano inakuwa nene. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4, lakini namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Sindano zinazokuja ndani ya mitumba huwa za pande zote mbili, na muuzaji hawezi kujua. Mtu aliyezoea namba 8 ya milimita 4 akishika ile ya milimita 5, sweta litapanuka mikononi mwake bila yeye kubadilisha chochote.

Kijana wa Igoma

Shikamoo mzee. Sasa mtu atapimaje milimita za sindano nyumbani?

Mzee wa Pasiansi

Marahaba. Azilaze sindano mbili zikigusana juu ya rula ya mwanafunzi. Zikichukua milimita 8 kwa pamoja, kila moja ni ya 4. Zikichukua 10, kila moja ni ya 5.

Mvuvi wa Kirumba

Nimesoma mjadala huu nikiwa ninashona nyavu, na nimeona kwamba sisi tungepata hasara kubwa kama tungefuma kwa kukisia. Kila jicho la wavu hupita kwenye kibao cha kipimo, na wavu wa sangara wa inchi 6 lazima uwe wa inchi 6 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Je, wafumaji wa masweta hawana kibao chao?

Bi Kisesa

Wanacho, na ndicho kinachorukwa na wengi. Ni kile kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15 ambacho mtu hukifuma kwanza, akakifua na kukikausha kama atakavyoifua nguo yenyewe, kisha akahesabu vitanzi vya katikati. Wengi hukifuma lakini hawakifui, na hapo hesabu ya kabla ya maji inakuwa si hesabu ya baada ya maji. Hata hivyo, ndugu Mvuvi, kuna tofauti moja kubwa: jicho la wavu limefungwa fundo na haliendi popote, ilhali kitanzi cha sweta hakina fundo na kinaweza kumwazima jirani yake uzi. Ndiyo maana mkono wa mfumaji, awe amekaza au amelegeza, una neno katika kila kitanzi.

Mama Pacha wa Nyegezi

Turudi kwenye mkono wa kushoto, maana hakuna aliyeugusa. Rangi kukoza ni dalili ya bonge lililotiwa rangi siku nyingine kiwandani. Kila mtungo wa rangi una namba yake kwenye ile karatasi, na mabonge mawili ya jina moja la rangi yanaweza kutofautiana. Kwa mabonge matupu huwezi kujua hadi ukalitazame vazi juani.

Nansio Binti

Naongezea hapo kwa Mama Pacha. Huenda halikuwa tofauti kwa rangi tu, huenda lilikuwa uzi wa aina nyingine kabisa. Pima: mistari 140 kwa sentimita 64 ni kama mistari 22 katika sentimita 10, na mistari 140 kwa sentimita 58 ni 24. Kama mkono wa kushoto una sufu iliyochanganywa, ungeweza kurudi kidogo wakati akriliki ikitanuka. Chomoeni nyuzi fupi kutoka ndani ya mishono, moja ya mwilini na moja ya mkono wa kushoto, mzichome kwa kiberiti juu ya sahani ya bati. Akriliki huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na majivu yake hupondeka vidoleni. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini.

Mkazi wa Buhongwa

Nimetoka kwa mama jioni hii na nina mambo manne ya kuwaambia.

Nimechoma nyuzi zote mbili. Ule wa mwilini uliyeyuka ukaacha punje ngumu. Ule wa mkono wa kushoto uliyeyuka pia, lakini ulinuka nywele.

Pindo nimelivuta na kuliachia, na halikurudi. Ukingo wa mkono wa kushoto unarudi vizuri, ingawa sina uhakika kama pasi iliufikia.

Sindano za mama zimeandikwa 8, na mbili zikilazwa pamoja zinachukua milimita 10.

La nne ndilo zito kidogo. Katikati ya kazi mama alisafiri kwenda Ukerewe msibani, na binti wa dada yake ndiye aliyemalizia mkono wa kushoto kwa sindano zake mwenyewe, ambazo hazikuwapo nyumbani leo. Mama alinieleza jambo hilo bila kuulizwa. Pia anasema kwamba kabla ya kulikabidhi alilipima kwa kulilaza pajani, akapata 50 mbele na 50 nyuma.

Mzee wa Pasiansi

Basi sindano ndizo. Milimita 5 ndiyo inayotoa vitanzi 18 kwa uzi wa unene wa kawaida.

Mama Pacha wa Nyegezi

Mzee wangu, kwa heshima zote, kama lilipima 100 kabla ya kufuliwa, sindano haziwezi kuwa ndizo. Pindo lililokufa ni ushahidi wa pasi.

Bi Kisesa

Kipimo cha pajani mimi sikitegemei, kwa sababu nguo iliyolazwa pajani hujikunja pembeni na mtu husoma pungufu bila kukusudia. Lakini pia siwezi kukikataa, kwani mama mwenye daftari lililonyooka namna ile si mtu wa kukisia. Inawezekana lilikuwa 104 au 105 tangu mwanzo na pasi ikamalizia.

Nansio Binti

Na mkono wa kushoto unaonekana kuwa na sufu, kwa hiyo nilikuwa karibu na ukweli.

Fundi wa Nyakato

Au ni mkono wa yule binti tu. Watu wawili wakipewa uzi mmoja na sindano za namba moja hawatoi kitambaa kimoja. Mimi nina mafundi wawili wa masweta ya mashine, na hata mashine zao hazilingani hadi uzifungie kipimo sawa.

Nansio Binti

Mkono wa yule binti hauwezi kuutia uzi harufu ya nywele, kaka Fundi.

Fundi wa Nyakato

Hilo nimelikubali, ila harufu haisemi ni nani aliyekaza vitanzi. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Tuje kwenye tiba sasa. Mimi ninashauri lipunguzwe kwa cherehani. Zidi ni sentimita 12, yaani 6 kila ubavu, 3 za mbele na 3 za nyuma. Unapitisha mishono miwili ya zigizaga, unakata nje yake, unamalizia na ovaloki. Ni kazi ya asubuhi moja.

Bi Kisesa

Inawezekana, lakini yapo mawili ya kuangalia. Ukikata ubavuni, tundu la mkono linasogea pia, na mabega yatabaki mapana yakidondoka kwenye mikono ya kijana. La pili ni kwamba uzi uliokatwa haufumuliki tena. Wanaonunua masweta ya mitumba ili wapate uzi wanalijua hili: hugeuza nguo ndani na kutazama mshono kwanza, maana iliyopigwa ovaloki hutoa vipande vifupifupi, na iliyounganishwa kwa uzi mmoja pembeni hutoa uzi mrefu wa kutosha kufumia upya. Sweta hili limeunganishwa kwa mkono. Ukilikata umefunga mlango wa kulifumua.

Mimi ningelifumua mwili. Afungue mishono, aanzie shingoni ambako kazi ilimalizikia, kwa kuwa kuanzia pindoni uzi hauachii vizuri. Uzi unaotoka auzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe duara kubwa, aufunge sehemu nne kwa vipande vya uzi ili usijichanganye, auloweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kisha autundike ukiwa na uzito mdogo chini hadi mikunjo inyooke. Hapo ndipo afume tena kwa vitanzi 90 mbele na 90 nyuma, kwa maana 180 kwa kiwango cha 18 ni sentimita 100.

Mama Pacha wa Nyegezi

Bi Kisesa, naomba nikupinge kidogo. Uzi uliolegezwa na pasi ukifumwa upya utakuwa na vipimo sahihi, lakini hautarudishiwa uhai wake. Pindo na shingo vifumwe kwa uzi mpya na sindano nyembamba zaidi, la sivyo baada ya wiki mbili pindo litakuwa wazi tena.

Mtu wa Makete

Nimelelewa huko anakokwenda kijana, na ninaomba msiwe na haraka ya kulipunguza sana. Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi kali ya Njombe, na asubuhi ya paredi mwanafunzi huvaa fulana, shati na pengine nguo nyingine ndani kabla ya sweta. Upana wa 104 au 106 hautamwaibisha. Urefu ndio unaoleta shida kwa walimu, kwa sababu sweta linalofika mapajani huonekana kama gauni.

Kijana wa Igoma

Kama shida ni urefu, si likatwe chini tu?

Bi Kisesa

Swali zuri, na linawezekana bila mkasi wa cherehani. Anapitisha uzi laini wa rangi tofauti ndani ya vitanzi vya mstari mmoja mzima, pale anapotaka sweta liishie, ili vitanzi visikimbie. Kisha anakata kitanzi kimoja tu cha mstari ulio chini ya huo, anauchomoa uzi huo taratibu kitanzi kwa kitanzi hadi pindo la zamani lianguke lenyewe. Vitanzi vilivyoshikwa anavirudisha kwenye sindano na kufuma pindo jipya kuelekea chini. Ukikodolea macho kiungo hicho utaona nusu kitanzi kimehama, lakini mwalimu wa zamu hataiona.

Mkazi wa Buhongwa

Nimemsomea mama ushauri wote leo mchana, naye amesikiliza kwa makini na kuandika katika daftari lake. Cherehani amekataa kabisa. Amesema mwili ataufumua mwenyewe, na afadhali achelewe kulala kuliko sweta lake lipite mkasi. Atafuma kwa vitanzi 94 kila upande ili lisogee 104, akimzingatia Mtu wa Makete, na pindo na shingo ataviweka kwa uzi mpya kama alivyosema Mama Pacha. Kuhusu chanzo, yeye anaamini ni uzi wa Makoroboi. Mke wangu anaamini ni pasi, na binti wetu ameshaacha kuigusa.

Amebaki na swali moja la kuwauliza. Mikono aiache kama ilivyo na kuurefusha ule wa kushoto, au aifume yote miwili upya?

Bi Kisesa

Aifume yote miwili upya, na aifume kwa pamoja kwenye sindano hizo hizo: bonge moja kwa mkono wa kulia na bonge jingine kwa wa kushoto, mstari mmoja hapa na mstari mmoja pale. Hata mkono wake ukikaza siku moja na kulegea siku nyingine, mikono yote miwili italegea na kukaza sawa. Ule uzi wenye sufu asiuchanganye humo, maana ukifuliwa utakwenda njia yake.

Nansio Binti

Uzi huo wa sufu ampe yule binti wa dada yake afumie kofia. Utamfaa.

Mtu wa Makete

Na aongeze sentimita mbili za urefu wa mikono kwenye ukingo, kijana aukunje kwa sasa na kuukunjua baadaye. Miaka miwili ya kidato cha tano na sita, vijana hurefuka.